Kabla hujalipa kwenda kujitolea kwenye ranchi ya wanyamapori nje ya nchi, uliza simba akikua anapelekwa wapi

Mhifadhi wa Pasiansi (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Vijana wengi wa hapa Mwanza wananionyesha tangazo la aina moja kwenye simu: msichana kaketi kwenye majani, kampakata mtoto wa simba, anamnywesha maziwa kwa chupa. Chini yake wameandika karibu ujitolee kwenye ranchi ya wanyamapori kusini mwa Afrika, wiki mbili au zaidi, na anayelipa ni wewe unayejitolea. Mimi nimesomea uhifadhi hapahapa kwenye chuo cha wanyamapori Pasiansi, na nimewahi kujitolea kwenye ranchi moja kule Limpopo, Afrika Kusini. Kwa hiyo nikiulizwa nina la kusema, na nimeona niliweke hapa wote mlisome.

Kwanza tuelewane kuhusu ranchi yenyewe. Huku kwetu mnyamapori ni mali ya umma. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 iko wazi, swala akilala shambani kwako hawi wako, na kumfuga lazima uwe na leseni. Afrika Kusini wamekwenda njia nyingine. Sheria yao ya mwaka 1991 inampa mwenye ardhi haki ya kummiliki mnyama, mradi uzio wake umekaguliwa na kukubaliwa. Ndiyo maana mashamba mengi yaliyokuwa ya ng'ombe yakageuzwa kuwa ya pundamilia, tandala na nyati. Mwenye ranchi anakula kwa watalii, kwa wawindaji, kwa nyama na kwa mnada wa wanyama hai. Mwaka 2016 robo tu ya umiliki wa nyati dume mmoja iliuzwa randi milioni 44. Hiyo ni biashara kubwa, na ukienda pale kufanya kazi bure ujue unaingia kwenye biashara ya mtu.

Sisemi biashara hiyo yote ni mbaya. Faru weupe wa kusini walibaki chini ya mia moja mwishoni mwa karne ya 19. Leo zaidi ya nusu ya wale walioko Afrika Kusini wanaishi kwenye ardhi ya watu binafsi, na wenye ardhi hao wanalipa askari, mbwa na ndege za doria kutoka mifukoni mwao. Nimewaona wakimkata faru pembe ili jangili asiwe na sababu ya kumuua. Anachomwa dawa ya usingizi, anafungwa kitambaa machoni na kuzibwa masikio, mmoja anahesabu pumzi zake kwa sauti, mwingine anammwagia maji asipate joto. Pembe hukatwa juu ya sehemu iliyo hai, na baada ya mwaka mmoja na nusu au miwili inakuwa imeota tena, kazi inarudiwa. Watu wa namna hiyo nawaheshimu.

Tatizo ni yule mtoto wa simba kwenye picha.

Jiulizeni, wakuu, mama yake yuko wapi? Tangazo linasema ni yatima. Simba jike porini hukaa na watoto wake karibu miaka miwili kabla hajazaa tena. Ukimnyang'anya watoto wakiwa na siku chache, anaingia joto upesi, na mimba yake haizidi miezi minne, kwa hiyo unaweza kumzalisha tena na tena. Ndiyo maana "yatima" hawakosekani kwenye mashamba hayo. Mtoto anashikwashikwa na wageni kutwa nzima, wakati kwa umri ule alitakiwa alale saa nyingi kuliko anazokaa macho. Akifika miezi sita makucha yanakuwa si ya mchezo, wanamhamishia kwenye matembezi na watalii. Akishakua kabisa hana kazi tena pale. Porini hawezi kurudi. Hajafundishwa kuwinda, hana kundi, na amezoea kwamba chakula kinatoka kwa binadamu. Hapo ndipo anauzwa kwa mwindaji anayelipa kumpiga risasi ndani ya uzio, au mifupa yake inasafirishwa kwenda Asia kutengenezewa dawa za kienyeji. Mwaka 2017 peke yake serikali ya kule iliruhusu mifupa ya simba 800 isafirishwe kihalali.

Simba wa mabandani nchini humo wanakadiriwa kuzidi 8,000, wakati wa porini ni kama 3,000. Mwaka 2021 jopo lililoundwa na serikali yao wenyewe lilishauri ufugaji huu ukome, na Machi 2024 baraza lao la mawaziri likapitisha sera ya kuelekea huko. Mabanda hayajafungwa yote. Matangazo bado yanatufikia hapa Nyamagana na Ilemela.

Sasa kazi halisi ya kujitolea ikoje? Tulikuwa tunaamka alfajiri kukagua uzio, kilomita kwa kilomita, na kipima umeme mkononi. Muhanga anachimba chini ya uzio, ngiri anapitia shimo hilohilo, baada yake wanapita wengine, ikifika jioni mwenye ranchi na jirani yake wanagombana. Unafukia, unapanga mawe, unaendelea. Waya wa chini kabisa ndio ulioniumiza moyo. Kakakuona akiguswa na umeme hujiviringisha, na akijiviringisha anakuwa ameukumbatia waya, kwa hiyo unampiga tena na tena mpaka afe. Kobe naye hujificha ndani ya gamba palepale anapopigwa. Siku moja tulimkuta kakakuona yungali hai, mlinzi akapiga redio umeme uzimwe, tukamfungua kwa mikono. Tangu hapo tukawa tunaanza na upande ule wenye mawe, ambako ndiko walikokuwa wakipita, na mwenye ranchi akakubali waya wa chini uinuliwe. Mchango wa maana niliouona wa mtu wa kujitolea ni kama huo. Hakuna aliyetupiga picha.

Kwa hiyo anayetaka kwenda aende, ila aulize kwa maandishi kabla hajatoa hata senti. Wanyama wanazalishwa pale? Wageni wanawashika? Mwaka jana wangapi walirudishwa porini, na pori gani? Wakikua wanauzwa kwa nani? Pesa yangu inagawanywaje kati ya wakala na ranchi? Mwenye kazi safi atakujibu siku hiyohiyo na ataona fahari kujibu.

Karibuni tujadili.

Binti wa Malimbe

Asante sana kaka kwa uzi huu. Mimi niko mwaka wa pili chuoni hapa Nyegezi. Kuna wakala ananifuatilia, anasema nafasi zimebaki mbili, nitume dola 300 za kushikilia nafasi kabla ya Ijumaa, halafu nyingine mamia kadhaa kwa kila wiki nitakayokaa. Kazi aliyoniandikia ni "kulea watoto wa simba na chui". Baba amekubali kuuza ng'ombe wawili. Nilikuwa na furaha, sasa nimeshikwa na wasiwasi. Naomba ushauri.

Mhifadhi wa Pasiansi

Dada, mwambie mzee ng'ombe wabaki zizini kwanza. Mtu anayekupa hadi Ijumaa anaogopa usije ukauliza watu. Mwandikie maswali yale kama nilivyoyaandika, umwombe na jina la ranchi na la mwenyewe. Akijibu, leta majibu hapa tuyasome pamoja.

Hesabu Kwanza

Mleta uzi una hoja, ila naona unawabana watu wa watu. Simba wa kufugwa akiwindwa, si ndiyo nafuu kwa yule wa porini? Na yale mashamba yana wapishi, madereva, wafyeka majani. Ukifunga, hao wanakula wapi? Hata huku kwetu serikali imeruhusu bucha za nyamapori tangu 2020 kwa sababu iliona kuna uchumi ndani yake. Mbuzi tunamfuga tunamchinja, hakuna anayelia.

Mhifadhi wa Pasiansi

Mkuu, swali la ajira ni la haki na sitalikwepa. Ndiyo maana sera yao inazungumzia mpito wa hiari, wenyewe watoke kwenye biashara hiyo polepole. Lakini ranchi ya utalii au ya faru nayo ina wapishi na madereva, tena inahitaji walinzi wengi zaidi.

Hiyo ya kumpunguzia mzigo simba wa porini, mimi siikubali. Mfupa ukishakuwa na soko halali, mnunuzi hawezi kutofautisha wa bandani na wa porini, na upande wa Msumbiji simba wa hifadhini wameuawa wakakatwa meno na makucha. Kuhusu mbuzi, hakuna anayemdanganya mtoto wa watu atoe dola amnyweshe mbuzi maziwa eti anamrudisha porini. Muuzaji wa bucha anasema hii ni nyama. Ninachopinga mimi ni uongo anaouziwa kijana mwenye moyo safi.

Kasenda Mpaka Rubondo

Wakuu nimekuwa nikibeba watu na mizigo kwenda hifadhi ya kisiwa cha Rubondo miaka mingi, naomba nichangie hapo kwenye "hawezi kurudi porini". Sokwe wa Rubondo walitoka wapi? Kati ya 1966 na 1969 waliletwa sokwe 17 kutoka Ulaya, wa bustani za wanyama, waliokuwa wamezoea mabanda. Mradi wa Profesa Grzimek, yule mhifadhi Mjerumani, na shirika lake la wanyama la Frankfurt. Wakafunguliwa kisiwani basi, hakuna shule ya pori waliyopitishwa. Mwanzoni baadhi walikuwa wanawavamia watu. Leo wajukuu na vitukuu wao wanakimbia wakisikia sauti ya binadamu, mgeni anaweza kutembea siku nzima asiwaone, anaishia kuona viota vyao juu ya miti. Sasa mbona hao waliweza?

Mhifadhi wa Pasiansi

Umeleta mfano mzuri kuliko wangu, mkuu. Rubondo ni kisiwa cha kilomita za mraba kama 240, sehemu kubwa ni msitu, na wavuvi walikuwa wamekwishahamishwa. Hakukuwa na sokwe wengine wa kuwaua wageni, wala mashamba ya migomba ya kuingia. Chakula chenyewe ni matunda na majani, yako palepale. Hata hivyo nao walipata taabu.

Simba lazima aue ili ale, na kuua anafundishwa na mama yake na kundi lake. Ukimfungulia palipo na simba wengine wanamrarua. Ukimfungulia pasipo na simba maana yake kuna watu, na yeye akiona mtu anamfuata kudai chakula. Tena kumbuka Rubondo waliletwa na faru, majangili wakawamaliza. Kumfungua mnyama ni kazi ya siku moja, kumlinda ni ya miaka yote.

Mzee wa Kunzugu

Wanangu, nimesoma yote. Naomba niseme kwa uchungu kidogo.

Sisi huku Bunda tunapakana na Serengeti. Tembo wanatoka jioni, wanakula mtama, mahindi na mihogo, wanavunja ghala, asubuhi wanarudi hifadhini. Mwanangu ameacha kulima upande wa bondeni. Usiku vijana wanapiga madebe na kuwasha tochi, na wengine wamepoteza maisha kwa kazi hiyo. Serikali ina kifuta jasho na kifuta machozi, yaani fedha kidogo kwa aliyeharibiwa mazao au aliyefiwa, lakini fomu inapita kwa mtendaji, kwa ofisa wa wilaya, inakwenda mbali, na mtu anakuwa amekwishashinda njaa.

Sasa nauliza: kijana wa Mwanza, saa mbili na nusu tu kwa basi kutoka kwangu, anauza ng'ombe wa baba yake kwenda kumlea simba wa Mzungu, na huku hatujawahi kumwona? Tulipofundishwa kufunga kamba zenye oili chafu na pilipili kuzunguka shamba, na baadaye mizinga ya nyuki kwenye uzio, tulikosa watu wa kutusaidia kutunza. Kamba ya pilipili mvua ikinyesha lazima upake upya. Mzinga usipokaguliwa nyuki wanahama, tembo anapita. Wakati wa mavuno ndipo mikono inapungua, maana kila mtu yuko shambani kwake. Hiyo si kazi ya kujitolea?

Binti wa Malimbe

Shikamoo mzee. Sikujua kama kuna kazi ya namna hiyo ya kufanywa na mtu asiye askari. Mnapokea wanafunzi?

Mzee wa Kunzugu

Marahaba mwanangu. Ukija na barua ya chuo, mwenyekiti wa kijiji na ofisa wanyamapori wa wilaya wanakupokea. Kulala utalala nyumbani kwa watu, chakula ni ugali wa mtama na dagaa. Hakuna wa kukudai dola.

Dereva wa Mutukula

Mimi naongezea upande wa safari, maana kuna watakaoendelea kutaka nje, na kutoka nje si dhambi, unajifunza.

Msikimbilie Afrika Kusini tu. Uganda iko hapa. Kutoka Mwanza daraja la Kigongo–Busisi limekwishafunguliwa tangu 2025, hamna tena kupanga foleni ya kivuko, mnaitafuta Bukoba, Mutukula, Masaka, mko Kampala. Mbele kwenye barabara ya Gulu kuna Ziwa, ile hifadhi ya faru ya Nakasongola. Nayo ilikuwa ranchi ya ng'ombe. Uganda walikuwa wamemaliza faru wote wa porini mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mwaka 2005 Ziwa ikaanza na faru wanne kutoka Kenya, na mwaka uliofuata wakaongezwa wawili kutoka Marekani. Wa kwanza kuzaliwa, mwaka 2009, baba yake alikuwa wa Kenya na mama wa Marekani, wakamwita Obama. Askari wanamfuata kila faru usiku na mchana na kuandika anachofanya. Huko mgeni hamshiki mnyama, anatembea na askari kwa miguu na kukaa mbali.

Halafu kuna Ngamba, kisiwa ndani ya ziwa letu hilihili, karibu na Entebbe, tangu 1998 kinahifadhi sokwe waliookolewa mikononi mwa wafanyabiashara. Ukisikia "yatima" pale, ni yatima kweli.

Karatasi: pasipoti shilingi 150,000, kadi ya homa ya manjano, barua ya mwenyeji. Afrika Kusini Mtanzania anaingia bila viza kwa matembezi hadi siku 90, lakini kujitolea si matembezi. Ulizeni ubalozini kibali chake kabla ya safari, msije mkarudishwa uwanjani. Na hata kama mmekwishafika, asiwepo wa kuwashikia pasipoti "kwa usalama".

Mhifadhi wa Pasiansi

Wabeja sana mkuu. Hiyo ya pasipoti watu waiandike ukutani.

Niongezee na ya karibu kabisa. Saanane iko dakika chache kwa boti kutoka Capri Point, na wengi humu wamekwenda mara moja tu, wakiwa darasa la tano. Ilianzishwa 1964 kama bustani ya wanyama ya kwanza ya serikali, kwenye kisiwa alichokuwa akiishi mzee Saanane Chawandi, na mwaka 2013 ikapandishwa kuwa hifadhi ya taifa. Magugu maji, plastiki zinazosukumwa na mawimbi kutoka mjini, nyavu zilizotupwa, pimbi na mamba wa kuhesabiwa, yote hayo yanahitaji mikono. Anayesoma chuo anaandika barua kwa mhifadhi mkuu akaombe mafunzo kwa vitendo.

Upande wa magharibi wa Serengeti kuna timu zinazong'oa mitego ya nyaya. Kazi hiyo ilipangwa rasmi kuanzia 2017, na walioajiriwa wengi ni wenyeji wa vijiji vya jirani, wanaojua njia wanazopita nyumbu na pia njia wanazopita wategaji. Waya wenyewe ni ule wa kuchunwa kwenye matairi makuukuu. Ukijifunza kuuona waya huo ndani ya majani makavu, una ujuzi ambao ranchi yoyote Afrika itakupokea nao, na wao ndio watakaokulipia nauli.

Hesabu Kwanza

Hapo kwenye kulipiwa nauli tumekubaliana. Hoja yangu ya mbuzi naiacha.

Binti wa Malimbe

Nimerudi wakuu. Wakala amejibu. Kuhusu simba wakikua ameandika "wanahamishiwa shamba lingine la washirika wetu". Nikauliza shamba gani, akasema ni siri ya kampuni. Nikauliza wangapi wamerudi porini, akaniuliza kama nataka nafasi au sitaki, maana kuna msichana wa Arusha anaisubiri. Jina la ranchi hakulitaja hadi sasa.

Sitatuma pesa. Nimemweleza baba, amefurahi sana kuhusu ng'ombe wake. Mzee wa Kunzugu, barua ya chuo nitaiomba Jumatatu. Mtama unaanza kuiva lini huko kwenu?

Mzee wa Kunzugu

Mwanangu, nitumie ujumbe wa faragha nikupe jina la mtendaji umwandikie barua. Mtama wa masika ukianza kutoa suke tembo wanakuwa wamekwishajua, kwa hiyo njoo kabla, tupate muda wa kukagua mizinga na kupaka kamba upya. Viatu viwe vya kufunga, na tochi yako mwenyewe.